Ndege Msafiri na Jabali Lake: Mwongozo kwa Mkaazi wa Makadara na Mji wa Kale

Aghalabu ufikapo mwezi wa Agosti, pepo za kusi zikiwa zimeanza kupunguza ukali wake, mkaazi wa Makadara, Mombasa, ateremkaye kwa njia ya Ngome hadi ukingo wa bahari humwona juu ya majabali ndege mdogo, mgongo wake rangi ya udongo mkavu na kifua chake cheupe, ambaye hatulii hata nukta moja bila ya kuutikisa mkia wake juu na chini, na ambaye akikaribiwa huruka chinichini akiambaa maji kwa mabawa magumu yatetemayo, kisha hutua jabali la pili akaendelea na kutikisa kwake. Ni mmoja katika jamaa ya vitwitwi. Mwezi wa Aprili hutoweka, na Agosti ya mwaka wa pili yuko tena, pale pale. Nilipata kumwuliza mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza mshipi wake chini ya ukuta, kama anamjua, naye akanijibu bila ya kuinua macho: “Ni yuyo huyo wa mwaka jana, mwanangu. Kwani wewe ukisafiri, hurudi nyumba ya jirani?” Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji atakaye kujua kama kauli ya mzee yule ni kweli, na hususa kwa yule atakaye kuihakikisha kwa macho yake mwenyewe, pasi na gharama kubwa.

Nitaanza na jawabu kisha nifuatize dalili zake, maana si insafu kumpeleka mtu pwani kwa jua la saa nane kabla ya kumweleza anachokwenda kukitafuta. Katika ndege wasafiri wako wengi ambao hurejea kila mwaka si katika nchi ile ile tu, bali katika hori ile ile, na kwa baadhi yao katika kipande kile kile cha ufuo ambacho mtu aweza kukizunguka kabla kahawa yake haijapoa. Wako pia ambao hawana ahadi na mahali popote, bali hufuata mvua na riziki. Kauli ya mzee, basi, mara nyingi huwa kweli, lakini ushahidi wake ni dhaifu, kwani kumwona ndege wa namna moja juu ya jabali moja miaka miwili mfululizo hakuthibitishi zaidi ya kwamba jabali lile ni zuri. Jabali zuri halikosi mpangaji, na yule wa zamani akifa njiani, mwengine huja akaketi pale pale na akatikisa mkia vile vile.

Njia ya kulikata shauri hili ilipatikana mwaka 1899, pale mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alipoanza kuwavika kwezi wa mji wake wa Viborg pete za alumini zilizochorwa nambari na anwani, ili ndege atakayenaswa au kuokotwa popote ajulikane ni nani na katoka wapi. Ilmu hiyo ikaenea upesi. Mwezi wa Mei 1911 wakili mmoja wa Uingereza aitwaye John Masefield alimvika pete mbayuwayu aliyekuwa akizaa nyumbani kwake huko Staffordshire, na mwezi wa Desemba 1912 mbayuwayu huyo, mwenye uzani usiozidi sana gramu 20, akapatikana katika shamba moja la Natal, Afrika Kusini. Ushahidi ule ulithibitisha umbali wa safari. Lakini kuthibitisha marejeo ni kazi nyengine, maana yataka ndege yule yule apatikane mara ya pili mahali pale pale, na kila mtu aliyewahi kutupa wavu ajua ugumu wa kumpata samaki yule yule mara mbili.

Huku kwetu kazi hiyo imefanywa kwa bidii isiyosifiwa vya kutosha. Tangu mwaka 1969, katika hoteli ya Ngulia iliyo juu ya mteremko ndani ya Tsavo Magharibi, wataalamu na wanafunzi wao hukutana kila Novemba na Desemba, katika siku za giza la mwezi, wakangojea usiku wa ukungu. Kwani ukungu ukishuka na mbalamwezi haipo, ndege wapitao angani kwa maelfu hupotewa na dira na kuvutwa na taa za hoteli, wakateremka vichakani, na alfajiri wakanaswa kwa nyavu nyembamba, wakapimwa, wakavikwa pete, wakaachiliwa. Waliovikwa pete pale ni mamia ya maelfu, wengi wao ndege wadogo wazaliwao Ulaya na Asia na waendao kupitisha baridi ya kwao katika nchi zilizo kusini ya Kenya, na baadhi ya pete hizo zimesomwa baadaye katika nchi za Kiarabu na huko Ulaya. Lakini, na hapa msomaji atie nanga kidogo, ni wachache mno kati yao walionaswa tena Ngulia mwaka mwengine. Je, hii ni hoja dhidi ya mzee wetu? Hasha. Ngulia kwao si maskani. Ni mahali walipoteremshwa na ukungu, na msafiri hapaswi kudaiwa marejeo katika kituo ambacho hakukusudia kushuka.

Nenda sasa hori ya Mida, karibu na Watamu, upande wa kaskazi ya Mombasa, ambako jumuiya ya A Rocha Kenya imekuwa ikiwavika pete ndege wa matopeni. Hao wamekuja kukaa: hufika kuanzia Agosti na huondoka Aprili, na kwa muda wote huo riziki yao ni ile iliyofichika chini ya tope la hori moja. Baadhi yao wamenaswa tena pale pale Mida miaka iliyofuata, na nambari zao zikasomwa, na baina ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili walikuwa wamekwenda hadi ncha za Asia ya kaskazini wakazaa na kurejea. Taarifa za namna hiyo zimekusanywa katika fuo nyingi za dunia, na zinakubaliana: kitwitwi, sululu, na yule ndege mfupi mnene apinduaye vijiwe kwa mdomo wake kutafuta wadudu, ni watu wa kushika mahali. Sululu huzidi, huyo hufukuza wenziwe katika kipande chake cha ufuo.

Mtu huuliza, basi mara ya kwanza huongozwa na nani? Swali hilo lilipata jawabu zuri kwa Mholanzi A. C. Perdeck, aliyechapisha mwaka 1958 habari ya kwezi zaidi ya 11,000 walionaswa karibu na The Hague wakiwa safarini, wakabebwa hadi Uswisi wakaachiliwa huko. Wale wakubwa, waliokwisha kuifanya safari hapo kabla, walitanabahi kwamba wamehamishwa, wakageuza mwelekeo wakaenda katika maskani yao ya siku zote, yaani Uingereza na Ufaransa ya kaskazini. Ama wachanga waliendelea na mwelekeo ule ule waliozaliwa nao, wakajikuta Ufaransa ya kusini na Hispania. Maana yake ni kwamba ndege mchanga hurithi upande wa kwendea na kadiri ya umbali, lakini hazaliwi na ramani. Mahali pake hasa hupachagua mwenyewe mwaka wa kwanza, kwa bahati na kwa majaribio, na akishapachagua hupakariri kichwani, kisha hurejea hapo muda wa uhai wake. Jua, nyota, mvuto wa sumaku ya ardhi, na sura ya pwani, vyote hivyo humsaidia, kila kimoja kwa wakati wake.

Na katika tope moja la Mida msomaji ataziona shule mbili tofauti. Yule kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo nchani, azaliwaye Siberia, huja bila ya mzazi, kwani wakubwa huondoka kabla ya wadogo, na mtoto mwenye umri wa wiki chache huvuka mabara kwa kuwafuata wenziwe walio wachanga kama yeye. Lakini yule ndege mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye huzaa ndani ya mashimo ya mchanga katika visiwa na pwani za Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, huleta mtoto wake hadi huku na huendelea kumlisha kwa miezi, hata utamsikia kijana aliyekwisha kuwa na kimo cha mamake akimlilia kaa na asione haya. Huyo, mahali pake hufunzwa.

Baada ya dalili, tuingie katika kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kuchagua mahali, na shauri langu ni kwamba uchague mahali pamoja tu, padogo, na pa karibu na nyumbani. Wako watu ambao kila Jumapili huenda kwengine, leo Mtwapa, kesho Diani, nao huona ndege wengi lakini hawajui chochote kuhusu hata mmoja. Kwa mkaazi wa Makadara majabali yaliyo chini ya Ngome na ngazi za Bandari ya Kale yatosha. Kwa aliye Tudor au Mikindani, ukingo wa hori ya Tudor ambapo mikoko huachia tope. Kwa apendaye upepo, mwamba uliolala chini ya barabara ya Mama Ngina maji yakipwa. Chora picha yake ovyo ovyo katika daftari, uyape majabali nambari au majina, na usipabadilishe.

La pili ni maji, na katika hili mwenyeji wa Mvita ana ubora kuliko mtaalamu atokaye bara. Bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, na ndege wa pwani huishi kwa saa ya maji wala hawaishi kwa saa ya ukutani: maji yakipwa hutawanyika mbali matopeni hata wakawa nukta tu, na maji yakijaa husukumwa hatua kwa hatua hadi karibu nawe, mwisho wakakusanyika mahali pakavu kusubiri. Basi usiende maji yakiwa makavu kabisa, wala yakiwa yamefurika; nenda yanapojaa. Siku za bamvua, yaani zikaribianazo na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa kwetu maji huwa makavu mnamo saa nne au saa tano asubuhi na hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni; kwa hiyo kutoka saa nane hadi saa tisa u nusu ndege husogea, na kwa bahati njema Mji wa Kale unatazama mashariki, hivyo saa hizo jua li mgongoni kwako na kila unyoya waonekana. Ukienda pale pale asubuhi utatazama jua na utaona vivuli tu. Siku za maji mafu mambo hupinduka, na mimi sipotezi wakati nazo. Halmashauri ya Bandari huchapisha jedwali la maji; asiye nalo na amwulize mvuvi.

La tatu ni kalenda. Ndege hawaendi kwa mwezi, huenda kwa jua, na kwa sababu hiyo mtu akiandika kwamba kitwitwi wake alifika mwezi wa Safar au mwezi wa Rajabu, baada ya miaka michache hesabu yake itakuwa imeharibika, kwani mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua. Wazee wetu wa baharini walilijua hilo kabla yetu, nao ndio waliokuwa na mwaka wa Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa makumi makumi, ambao kwa huo walikuwa wakijua lini kaskazi itaanza kuvuma, lini bahari itachafuka na lini samaki fulani atakuja. Atakayeandika siku ya kufika ndege wake kwa miongo ya Nairuzi atakuwa anafanya jambo la kienyeji na la kitaalamu kwa pamoja. Ingawa tarehe ya kawaida nayo yafaa, maadamu iandikwe siku ile ile na isiachwe hadi kesho.

Majira yenyewe ni haya. Wakubwa huanza kufika mwisho wa Julai na Agosti, na ukiwatazama vizuri utaona baadhi yao, hasa yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, wangali na mabaki mekundu kifuani, mavazi ya arusi ambayo hawajamaliza kuyavua. Wachanga hufuata Septemba na Oktoba, manyoya yao ya mgongoni yakiwa mapya na yenye kingo nyeupe safi. Kutoka Novemba hadi Machi wote huwa wa kijivu na hawatofautiki. Machi na Aprili wekundu hurejea kifuani, wanenepa kwa mafuta ya safari, wakawa hawatulii, kisha jioni moja upepo ukishageuka kuwa kusi huondoka makundi makundi kuelekea kaskazini, kwa upepo ule ule uliokuwa ukiyarejesha majahazi Omani. Lakini wachanga wa mwaka wa kwanza wengi wao hawaondoki, hubaki pwani hii kusi yote wakingoja kukomaa. Kwa hiyo ukimwona kitwitwi mwezi wa Juni, usimhesabu kuwa karejea, kwani hakwenda.

Hapo hapana budi kuonya dhidi ya makosa mawili ya kawaida. Moja ni kuwahesabu wenyeji katika wasafiri. Kunguru ajazaye miti ya Makadara hasafiri kokote: aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akawasili Mombasa katikati ya karne ya 20, na tangu hapo hajatoka, ila amewatoa wengine, maana hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kadhalika wale ndege weusi wenye kiuno cheupe warukao kwa kelele kandokando ya kuta ndefu za mjini jioni hukaa mwaka mzima. Watu huwaita mbayuwayu, ilhali mbayuwayu msafiri ana koo jekundu na nyuzi mbili ndefu mkiani, na hutua juu ya waya wa umeme, jambo ambalo hao wengine hawaliwezi kwa miguu yao mifupi. Kosa la pili ni kudhani kwamba kila msafiri ni mshika mahali. Heroe wadogo wa maziwa ya bara ni mfano mzuri: kuzaa hurejea ziwa Natron huko Tanzania, ambalo ndilo pekee wazaapo kwa kawaida katika Afrika Mashariki, lakini kula huenda popote palipo na chakula, na maji ya Nakuru yalipopanda katika miaka ya 2010 walihamia Bogoria na kwengineko bila ya kuaga. Vivyo hivyo kozi mdogo wa Amur, avukaye Bahari ya Hindi kwa kusukumwa na kaskazi na kupita juu ya Kenya mwezi wa Novemba na Desemba, hana mti wake huku. Ni mpita njia tu, na ukimkosa mwaka huu usiseme amekutupa.

Sasa twafika penye mzizi wa jambo, nao ni alama. Bila ya alama huna yakini, una dhana tu, na dhana haifai kuandikwa kwa wino. Alama bora ni pete, na ndege wa miguu mirefu husaidia kwa kuwa pete yake huonekana kwa darubini, hasa anaposimama kwa mguu mmoja juu ya jabali. Asiye na pete mara nyingine ana alama yake mwenyewe: sululu aliyepoteza kidole, kitwitwi achechemeaye kwa sababu ya uzi wa mshipi uliomkaza mguuni, ndege ambaye ncha ya mdomo wake imevunjika. Ukimpata wa namna hiyo umepata hazina. Mchore, uandike ni mguu gani, wa kulia au wa kushoto, na ungoje Agosti. Kama baada ya miezi minne ya kutokuweko ndege mwenye ila ile ile atasimama katika jabali lile lile na kuwafukuza wenziwe kama alivyokuwa akiwafukuza, nami nitakubali pamoja nawe kuwa ni yeye. Manyoya yasikudanganye, kwani hubadilishwa. Unyoya mweupe wa mwaka jana hautakuwako mwaka huu.

Daftari lako liwe na mambo machache yasiyobadilika: tarehe, saa, hali ya maji, upepo, jabali lipi, ndege wangapi, na mwenye alama yupo au hayupo. Andika pia siku ulizokwenda usione kitu. Watu wengi huona haya kuandika ukurasa mtupu, na hivyo daftari zao hujaa furaha lakini hazisemi ndege alifika lini, maana siku ya kufika haijulikani isipokuwa kwa kuijua siku ya mwisho ambayo hakuwapo. Na ndege wako asiporudi kabisa, usikimbilie kusema kwamba mafundisho haya ni ya uongo: safari ni ndefu, na katika ndege wadogo zaidi ya nusu hufa kabla ya kutimiza mwaka wao wa kwanza.

Neno moja juu ya adabu, ambalo vitabu vya wazungu havilitaji kwa sababu hawakuviandika wakiwa Kibokoni. Darubini katika mtaa wenye madirisha ni kitu cha fitina. Kabla hujaiinua, toa salamu kwa walio barazani, waambie unatazama nini, na ikiwezekana mpe kijana wa mtaa atazame kwanza, ukifanya hivyo mara mbili tatu watakuwa wakikuita wao wenyewe: “Ami, ndege wako amekuja.” Usiielekeze kabisa upande wa meli za bandari wala wa wanajeshi wa Mtongwe. Na watoto wakirusha mawe, usiwakemee mbele ya watu. Wahesabishe ndege, nao wataacha.

Kuna sababu nyengine ya kulifanya jambo hili, iliyo nzito kuliko shauku. Tabia ya kushika mahali ina hasara yake. Huko Wales, ghuba ya Cardiff iliyokuwa na matope mengi ilizibwa kwa ukuta mwezi wa Novemba 1999 ikageuzwa ziwa, na wataalamu walikuwa wamekwisha kuwavika pete ndege wenye miguu myekundu waliokuwa wakipitisha baridi pale. Walipofukuzwa na maji walihamia fuo za jirani, na waliosema kwamba ndege ana mabawa, atajitafutia kwengine, walidhani hoja yao imeshinda. Lakini ndege wale walikonda, na vifo vyao vikazidi vya wenyeji wa fuo hizo. Hapa kisiwani tunayo matope yetu ya Tudor, ya Makupa na ya Port Reitz. Daraja jipya la Makupa, lililofunguliwa mwaka 2022 mahali pa tuta la zamani, liliyaacha maji yapite tena baina ya hori mbili, na hilo ni jema. Lakini taka, ukataji wa mikoko na ujazaji wa fuo kwa kifusi havijakoma, na anayejaza ufuo hapa ajue kwamba anakifukia kituo ambacho ndege fulani kule Siberia anakitarajia. Daftari la miaka kumi lililoandikwa kwa uaminifu na mtu wa Makadara laweza kuwa shahidi mbele ya baraza lolote.

Ukimwokota ndege aliyekufa mwenye pete, usiitupe. Inyoshe, unakili herufi na tarakimu zote kama zilivyo, uandike tarehe, mahali na namna ulivyompata. Akiwa hai, soma nambari uliyoweza, kisha mwache aende na pete yake. Pete za Kenya zina anwani ya Makumbusho ya Nairobi, lakini hata pete ya Urusi au ya Omani yafaa kupelekwa huko, nao huipeleka kwa wenyewe, na aghalabu utajibiwa ndege yule alivikwa wapi na mwaka gani. Ngome iliyo hatua chache kutoka Makadara iko chini ya Makumbusho ya Taifa hayo hayo, kwa hiyo asiyetaka kuandika barua na aende akaulize hapo mlangoni.